Fuata Rangi ya Buluu: Ramani Kuukuu za Bonde la Coachella

ZUHURA: Karibuni tena. Mimi ni Zuhura, niko na kaka Khamis, ambaye leo macho yamemwiva mekundu.

KHAMIS: Nimelala, dada. Nimelala saa tisa usiku, lakini nimelala. Ramani ndizo zilizoniponza.

ZUHURA: Na mojawapo ulinirushia usiku wa manane, bila hata salamu.

KHAMIS: Nisamehe. Ilikuwa ya Bonde la Coachella, kusini mwa California. Jangwa hasa, mvua ya kuhesabu, na bado ndiko inakotoka sehemu kubwa ya tende za Marekani. Idara ya Jiolojia ya nchi hiyo, USGS, imeskani ramani zake za topografia, yaani za sura ya ardhi, zilizochorwa kuanzia miaka ya 1880, zaidi ya 170,000, na unazipakua bure kwenye tovuti ya topoView. Ukifungua karatasi za sehemu ileile kwa kufuata miaka, historia yote ya kilimo inapita mbele yako.

ZUHURA: Mimi nilipoifungua niliona mistari ya kahawia tu imejaa kama alama za vidole. Nikazima simu.

KHAMIS: Hiyo ni mistari ya kontua, inaonyesha mwinuko. Kahawia ni mwinuko, buluu maji, kijani mimea, nyeusi kazi za watu: reli, nyumba, barabara. Kosa nililofanya jioni ya kwanza ni kutafuta mashamba. Kwenye ramani ya jangwa hupati kitu hivyo. Tafuta buluu kwanza, shamba litajitokeza lenyewe.

ZUHURA: Haya, nionyeshe hiyo buluu.

KHAMIS: Anza na karatasi ya Indio ya 1904. Kipimo chake ni 1:125,000, yaani sentimita moja ni kilomita moja na robo, kwa hiyo usitegemee kuona banda la mtu. Reli ya Southern Pacific inakata bonde. Ilijengwa miaka ya 1870, na vituo vyake ndivyo vilivyozaa miji. Sasa tazama majina. Mji wa Coachella zamani uliitwa Woodspur, maana hapo palikuwa na tawi la reli la kupakilia kuni za mti wa meskiti. Na Mecca ilikuwa Walters.

ZUHURA: Mecca! Hapo ndipo nilipocheka. Jangwa, mitende, basi wakaona wajipe Makka kabisa.

KHAMIS: Na jirani yake inaitwa Oasis. Lakini usicheke sana, maana jina linakupa tarehe. Ukikuta Walters, ujue data zimekusanywa kabla mitende haijawa biashara. Lile la Coachella lenyewe inasemekana ni kosa la uandishi. Walitaka Conchilla, neno la Kihispania la kombe dogo, kwa sababu mchanga wa pale umejaa makombe.

ZUHURA: Makombe ya baharini, jangwani?

KHAMIS: Ya ziwa, tena ya maji baridi. Mto Colorado ulikuwa na tabia ya kupotea njia na kumwaga maji bondeni, likajaa ziwa kubwa, kisha mto ukarudi zake na ziwa likakauka. Wanaliita Ziwa Cahuilla, na mara ya mwisho lilijaa kama miaka 300 iliyopita. Ufuo wake uko mita 12 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo chukua kalamu, fuata kontua ya futi 40 kuzunguka bonde zima, na umeshachora ziwa ambalo hakuna mpimaji aliyeliona.

ZUHURA: Hiyo nimeipenda. Lakini waliliona watu wa pale. Wacahuilla walijenga mitego ya samaki kwa mawe kwenye huo ufuo.

KHAMIS: Ipo mpaka leo chini ya milima ya Santa Rosa, mistari ya mawe sehemu isiyo na tone la maji.

ZUHURA: Ndiyo maana nina neno kidogo na hizi ramani zako, kaka. Mchoraji kaja na reli. Anachora kituo, anachora kisima, na wewe unadhani kisima kimechimbwa na reli. Wacahuilla walichimba visima vya kushukia kwa miguu, wanakata njia ya mteremko kwenye udongo mpaka maji yalipo, mtu anashuka na chombo chake. Kwenye ramani kinabaki kiduara cha buluu tu.

KHAMIS: Kweli kabisa. Ila wakati mwingine jina linasema ukweli ambao alama imeuficha. Indian Wells, leo mji wa gofu na tenisi, umepewa jina kwa kisima cha namna hiyo.

ZUHURA: Sasa twende kwenye ziwa lililokunyima usingizi.

KHAMIS: Chukua ramani yoyote iliyopimwa kabla ya 1905. Chini ya bonde hakuna ziwa. Kuna shimo la chumvi, zaidi ya mita 80 chini ya usawa wa bahari, na kampuni ilikuwa ikivuna chumvi humo tangu 1884. Fungua ya baada ya hapo: buluu tupu. Reli imehama, mahali pa chumvi pamefutika.

ZUHURA: Mto ulipotea njia tena?

KHAMIS: Safari hii ulisaidiwa. Kampuni ya umwagiliaji ilianza 1901 kupeleka maji ya Colorado kwenye Bonde la Imperial, upande wa kusini. Mfereji ukajaa tope. 1904 wakakata mlango mpya mtoni, upande wa Mexico, bila kuweka geti la kuzuia maji. 1905 mafuriko yakaja, mlango ukatanuka, mto karibu wote ukageukia bondeni. Southern Pacific walimwaga mawe kwa mabehewa mpaka Februari 1907 ndipo wakaziba. Kilichobaki ndicho Salton Sea. Ziwa, ila wao wanaliita bahari.

ZUHURA: Na hapo ndipo penye kitu ambacho mimi sikukipita haraka. Kwenye karatasi za baadaye, mpaka wa Torres-Martinez, ardhi iliyotengewa Wacahuilla mwaka 1876, unakuja umenyooka nchi kavu, unafika ufuoni, halafu unaendelea majini. Nilidhani ni kosa la uchapaji.

KHAMIS: Si kosa. Ekari kama 11,000 za ardhi yao zilizama.

ZUHURA: Na sheria ya kuwalipa fidia ilipitishwa 2000. Hesabu mwenyewe, tangu 1905. Mchoraji hakuandika lolote, ni mstari tu unaoingia kwenye buluu.

KHAMIS: Nilikuwa nimeupita mara kumi huo mstari, dada. Sikuuona.

ZUHURA: Ulikuwa unatafuta mitende.

KHAMIS: Nilikuwa natafuta mitende. Bustani za miti kwenye ramani hizi ni vidoti vya kijani vilivyopangwa mistari, kama kanga. Tatizo ni kwamba mtende na mchungwa huwezi kuitofautisha. Ramani inasema pana miti, haisemi unakula nini. Hapo inabidi utoke nje ya ramani. Wizara ya Kilimo ilikuwa imeleta aina ya tende iitwayo Deglet Noor kutoka Algeria tangu 1900. Aina nyingine, Medjool, ilikuja 1927, machipukizi 11 tu kutoka Morocco, kwa sababu kule ugonjwa wa mitende ulikuwa unaimaliza. Waliyafungia Nevada miaka saba kuhakikisha hayana ugonjwa. Tisa yakapona.

ZUHURA: Tisa! Kwa hiyo ile tende nono ya Marekani...

KHAMIS: Ukoo wake unaanzia hapo. Sasa rudi kwenye buluu. Mwanzoni vidoti vya kijani vimejikusanya sehemu za chini, maana ndiko maji ya visima yalikobubujika yenyewe bila pampu. Mwisho wa miaka ya 1940 unakuja Mfereji wa Coachella, na kijani kinapanda. Ukikuza picha utaona raha: mfereji umebanana na kontua, unapinda inapopinda, maana maji hayapandi kilima. Na kijani kipo upande mmoja tu, wa chini. Upande wa juu ni mchanga mtupu.

ZUHURA: Hapo kidogo niseme kwa wanaojaribu leo: msiamini mwaka mkubwa ulioandikwa pembeni.

KHAMIS: Ee, hilo lilinigharimu jioni nzima. Soma maandishi madogo chini: imepimwa lini, imechapwa lini, imerekebishwa lini. Ramani ya 1956 inaweza kuchapwa tena miaka mingi baadaye. Na ukiona zambarau, hayo ni marekebisho yaliyotolewa kwenye picha za ndege, hakuna aliyekwenda kuhakikisha kwa miguu.

ZUHURA: Salton City ina zambarau?

KHAMIS: Hiyo ina kichekesho kingine. Ilipimwa viwanja mwishoni mwa miaka ya 1950, mji wa mapumziko kando ya maji. Ukiangalia ramani, mitaa imejaa, imepinda vizuri, ina majina. Nyumba sasa, vile vimraba vyeusi...

ZUHURA: Nilihesabu mtaa mmoja mrefu. Viwili.

KHAMIS: Na ufuo wenyewe umeshaondoka. Weka karatasi ya zamani juu ya picha ya setilaiti ya leo, ipunguze rangi kidogo, uone gati zilipo na maji yalipo.

ZUHURA: Ndiyo ninaifungua hapa. Ngoja ishuke... Kaka, hii gati iko mchangani kabisa.