Baiti 2,048 kwa Pikseli 2,048: Kubana Kumbukumbu Kwenye Bango la LED

Mhadhara kwa mafundi na wanafunzi wa elektroniki, Kijitonyama, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa. Na ninyi wenzangu, mambo vipi? Waliokaa nyuma naomba wasogee, maana paneli niliyoileta ni ndogo na nitaigeuzageuza mkononi.

Naanza na namba mbili. Paneli hii ya rangi ina pikseli 64 kwa upana na 32 kwa kimo. Zidisha, unapata 2,048. Sasa chukua ATmega328P, chipu iliyo kwenye bodi ya Arduino Uno, ambayo nadhani nusu ya mliomo humu mmeshawahi kuiunguza. [Kicheko.] RAM yake, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni baiti 2,048. Namba ileile! Ukiipa kila pikseli baiti moja, RAM imekwisha na programu haijapata hata pa kuhesabia sekunde. Na picha ya kawaida haikubali baiti moja. Inataka tatu kwa kila pikseli: ya nyekundu, ya kijani, ya bluu. Jumla 6,144. Yaani Uno tatu kwa picha moja.

Hapo ndipo fundi anaposema, "Chipu hii haifai, nakwenda Kariakoo kuchukua kubwa." Sina ugomvi na chipu kubwa, tutazifikia. Ninachobishia ni hesabu yenyewe. Nyingi kati ya hizo baiti 6,144 zinabeba rangi ambazo paneli haiwezi kuzitoa, au pikseli ambazo chipu ingeweza kuzikokotoa yenyewe bila kuhifadhiwa chochote.

Kwanza tujue picha inakaa wapi. Chipu hii ina flashi ya kilobaiti 32, ambako programu inakaa na haipotei umeme ukikatika, na ina RAM ya kilobaiti 2 ya kufanyia kazi. Flashi ni stoo, RAM ni kaunta, na hakuna mwenye duka anayepanga magunia yote juu ya kaunta. Tatizo ni kwamba kompaila ya C, ile programu inayogeuza msimbo wako uwe lugha ya chipu, inakupangia magunia kauntani bila kukuuliza. Umeandika const, yaani "hili halibadiliki", mbele ya jedwali la picha, ukaamini limebaki flashi. Kwenye AVR, familia ya chipu hii, halikubaki. Kabla main, yaani programu yako yenyewe, haijaanza, kipande kidogo cha msimbo kinanakili jedwali lote kwenda RAM. Sababu iko kwenye umbo la chipu: anwani za programu na anwani za data zimetengwa, ule muundo wanaouita Harvard, na maelekezo ya kawaida ya kusoma data hayaifikii flashi kabisa. Kuisoma kunahitaji elekezo la pekee, LPM.

Ndiyo maana kuna PROGMEM. Unaliandika neno hilo kwenye jedwali, na wakati wa kusoma unatumia pgm_read_byte, au memcpy_P ukitaka mstari mzima kwa mkupuo. Hivi viwili vinakwenda pamoja. Ukiweka PROGMEM halafu ukasoma jedwali kwa mabano ya kawaida, mara nyingi programu itakompaili bila kulalamika, kisha paneli itaonyesha takataka, kwa sababu imechukua anwani ya flashi ikaenda kuisoma kwenye RAM. Na maandishi ni hivyohivyo. Kila Serial.print yenye sentensi ndani yake inakula RAM mpaka uizungushie F. Nimeona programu ambazo ujumbe wa kutafutia makosa ulikula nafasi kubwa kuliko picha zenyewe.

Na RAM ikijaa, AVR haikwambii kitu. Staki, pale programu inapoweka vitu vyake vya muda, inashuka kutoka juu, data zimekaa chini, vikigusana kimoja kinaandika juu ya kingine. Bango linatoa herufi za ajabu, au linajiwasha upya kila baada ya muda, na fundi anaanza kubadilisha pawasaplai.

Haya, picha iko flashi. Je, tumemaliza? Inategemea una bango la aina gani. Zile taa za 8 kwa 8 zenye MAX7219 zinakumbuka zenyewe: ukishazipelekea baiti nane, unaweza kuziacha. P10 ya rangi moja, ile ya mabango ya maandishi yanayotembea iliyojaa kwenye maduka ya dawa na saluni za mji huu, ina pikseli 32 kwa 16. Hizo ni biti 512, yaani baiti 64. Hata ukiunganisha P10 kumi unatumia baiti 640, na Uno inatosha. Mwenye bango la namna hiyo anayelalamika kwamba RAM imekwisha akaangalie maandishi yake kwanza.

Kazi iko kwenye hii ya rangi, yenye soketi ya HUB75. Haikumbuki picha. Nyingi za ukubwa huu zinawasha mistari miwili tu kwa wakati, zikikimbia kutoka juu hadi chini, na jicho ndilo linaloona picha nzima. Kwa hiyo chipu inazilisha bila kupumzika, na inahitaji bafa, yaani nafasi ndani ya RAM yenye picha iliyopangwa tayari kwa kumwagwa. Ukitaka kila LED iwe imewaka au imezimwa, bila viwango vya katikati, ni biti tatu kwa pikseli: baiti 768 na rangi nane. Ukitaka viwango vinne kwa kila rangi, ni biti sita: baiti 1,536, rangi 64, na umebakiwa na baiti 512 kwa mambo mengine yote. Viwango kumi na sita vinataka baiti 3,072, na hapo Uno imeshatoka mchezoni.

Sasa angalieni. Paneli inaonyesha rangi 64, na mtu amehifadhi picha yenye uwezo wa rangi milioni 16. Hata kwenye chipu kubwa, jicho na LED havikubaliani: LED inapanda mwanga kwa kufuata namba, jicho linaona vingine, ndiyo maana tunapitisha namba kwenye marekebisho ya gama. Chukua 50 kwenye kipimo cha 0 hadi 255. Ikipita kwenye gama ya 2.2 inakuwa 7. Ukibakiza biti nne za juu, unapata sifuri. Kwa hiyo yale maeneo ya giza yote kwenye picha, ambayo kompyuta yako inayaonyesha vizuri na wewe umeyalipia baiti tatu kila pikseli, kwenye paneli ni giza tupu.

Basi fanyeni kazi hiyo kwenye kompyuta, mapema. GIMP ni ya bure, ina hali ya kupunguza picha iwe na rangi chache unazotaka. Huko ndiko unakotengeneza paleti, yaani orodha fupi ya rangi, na kila pikseli inabaki na namba ya rangi yake tu. Rangi 16 ni biti nne kwa pikseli, picha nzima baiti 1,024, na paleti yenyewe baiti 48. Rangi nne ni biti mbili, picha nzima baiti 512. Na gama unaipitisha kwenye zile rangi 16 za paleti, basi. Hubebi jedwali la gama la baiti 256, wala huihesabu kwa pikseli 2,048. Ila ukifika hapo, zima ile chaguo ya kunyunyiza nukta ili rangi mbili zionekane kama tatu. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye LED zilizoachana kwa milimita kadhaa, nembo ya mteja inaonekana kama ina upele.

Nimewaletea kanga. [Anaitandika mezani.] Nimeichagua kwa sababu ya hesabu, ingawa mke wangu ataniuliza imekwenda wapi. Kanga ina pindo pande zote, ina mji katikati, ina jina. Hii ina rangi nne. Kwa paleti tumeshashuka kutoka 6,144 hadi 512. Lakini itazameni vizuri: upande wa kushoto ni kioo cha kulia, na juu ni kioo cha chini. Kwa nini niuhifadhi upande wa pili? Nahifadhi robo moja, pikseli 32 kwa 16, ambazo kwa biti mbili ni baiti 128. Wakati wa kuchora, x ikizidi 31 natumia 63 kutoa x. Y ikizidi 15 natumia 31 kutoa y. Mistari miwili ya msimbo. Ongeza baiti 12 za paleti, kanga nzima ni baiti 140. Jina pekee ndilo haligeuzwi, maana hakuna atakayesoma methali kinyumenyume, na hilo linaandikwa juu yake kama maandishi.

Maandishi nayo yabaki maandishi. Fonti ya 5 kwa 7 inataka baiti tano kwa herufi. Alama zote 95 za ASCII ni baiti 475, zikae flashi. "LIPA KWA SIMU HAPA" ni baiti 18. Ukiichora kama picha ya kutembeza, safu sita kwa kila herufi, ni 108, na mteja akibadili neno moja unachora upya. Kijana mmoja alinionyesha fonti aliyotoa Q na X kwa kuwa Kiswahili hakizitumii. Alibana baiti kumi. Halafu Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas, na mabango ya mawakala wake yakabaki bila X. [Kicheko.] Ubanaji wa aina hiyo siupendi: unaumia kwa baiti kumi wakati kuna mia tano zimelala hapo pembeni.

Kuna picha ambazo hazihitaji kuhifadhiwa kabisa. Bendera yetu ina uwiano wa 2 kwa 3, kwa hiyo kwenye paneli hii inakaa pikseli 48 kwa 32 bila kuvutwa. Ule mstari mweusi unapanda kutoka chini upande wa mlingoti kwenda juu upande wa pili. Kwa kila pikseli, y ikihesabiwa kutoka juu, chukua 2x, jumlisha 3y, toa 94. Jibu likiwa karibu na sifuri, upande wowote, ni nyeusi. Likisogea kidogo ni njano. Likiwa hasi zaidi ya hapo ni kijani, likiwa chanya ni bluu. Upana wa milia unautafuta kwa kujaribu mpaka jicho liridhike. Hakuna jedwali lolote. Bendera imekuwa masharti manne.

Njia ya kuhesabu mfululizo, yaani kuandika "nyeusi 11, kijani 10, nyeusi 11" badala ya kuorodhesha pikseli moja moja, watu huikimbilia mapema mno. Huo ni mstari mmoja wa msalaba wa duka la dawa kwenye upana wa 32. Kwa rangi mbili zinazopishana huhitaji kutaja rangi, kwa hiyo ni baiti tatu. Ukiuhifadhi kwa biti moja kwa pikseli ni baiti nne. Umeandika msimbo wa kufungua, umekula flashi, umepata baiti moja! Faida inakuja kwenye picha za rangi 16 zenye maeneo makubwa ya rangi moja: biti nne za rangi, biti nne za idadi, na inafunguliwa moja kwa moja kutoka flashi bila bafa ya pili. Picha ikiwa na vurugu, kila pikseli na rangi yake, faili linakuwa baiti 2,048, mara mbili ya ambalo halijabanwa. Acheni programu ya kompyuta ijaribu zote mbili na ichague ndogo.

Kadi ya SD nimeulizwa wakati wa chai. Ndiyo, inaondoa tatizo la flashi, ila maktaba yake inashika bafa ya baiti 512, robo ya RAM ya Uno. Iweke na ile bafa ya 1,536 uone nini kinabaki. [Sauti ukumbini: "Sifuri!"] Sifuri kamili. Na ukiitumia, achana na faili za picha za BMP: kwa kawaida imeandikwa kutoka mstari wa chini kwenda juu, rangi zinaanza na bluu, na kila mstari umejazwa hadi ugawanyike kwa nne. Geuza kwenye kompyuta, weka faili lenye mpangilio ambao paneli inautaka.

Swali la mwisho, kutoka kwa dada pale dirishani: mwenye ESP32, mojawapo ya zile chipu kubwa, ana RAM ya kilobaiti 520, haya yote ya nini? Kwa picha moja iliyotulia, dada yangu, huyahitaji sana. Hata PROGMEM huihitaji, kwa kuwa const kwenye ESP32 inabaki flashi na inasomwa kama kawaida. Lakini mteja akishaona picha atataka itembee. Fremu ya baiti 6,144, mara 25 kwa sekunde, ni baiti 153,600 kila sekunde. Flashi ya megabaiti nne, hata kama programu yako ingekuwa haina uzito, inajaa kwa sekunde 27. Kwa paleti ya rangi 16 inafika dakika mbili na sekunde 40 na ushee. Ukihifadhi pikseli zilizobadilika tu kutoka fremu moja hadi nyingine, na tangazo lenyewe ni nembo iliyosimama na nyota inayozunguka, unazidi hapo kwa mbali. Chipu ni kubwa, hesabu ni ileile. Msimbo wa kanga na wa bendera uko kwenye hii kompyuta, njooni na flashi zenu za USB mnakili.