Mwadui: Tani 100 kwa Karati 6

Ndugu wasikilizaji, nianze na hesabu. Mwadui, mkoani Shinyanga, tani 100 za mwamba hutoa karibu karati 6 za almasi. Karati moja ni gramu 0.2. Yaani unavunja na kuosha tani 100 ili ushike gramu 1 na kidogo. Hesabu hiyo ishikeni, nitairudia.

John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliupata mwamba huo mwaka 1940. Masimulizi kwamba aliiona almasi chini ya mbuyu mnayajua, na ni matamu, ila mbuyu haumwonyeshi mtu almasi. Tanganyika ilishajulikana kuwa na almasi. Mabuki, kusini ya Mwanza, zilionekana mapema zaidi. Kilichotafutwa ni mwamba mama unaobeba almasi, yaani kimbalaiti.

Kimbalaiti hutafutwa kwa kufuata madini yanayoandamana na almasi. Chukua udongo, chekecha, osha, kisha kagua chembe nzito zilizobaki: ganeti nyekundu ya zambarau na ilmenaiti nyeusi. Hizi ni nyingi kuliko almasi maelfu kwa maelfu. Zikizidi kuwa nyingi na kingo zake hazijalika, umekaribia. Makosa ni mawili: ganeti hutoka pia kwenye miamba ya kawaida, na huku Usukumani udongo mweusi wa mbuga hufunika kila kitu, ukichota juujuu hupati kitu.

Bomba la Mwadui, yaani nguzo ya kimbalaiti iliyopanda kutoka chini kabisa ya ardhi, lina hekta 146 juu. Kwingine mmomonyoko umekata kichwa cha bomba ukaacha shina jembamba. Hapa kreta yenyewe, yaani mdomo wa bomba, imesalia. Juu yake mvua ya karne nyingi iliondoa udongo mwepesi ikaacha changarawe nzito, yenye almasi nyingi kuliko mwamba ulio chini. Mgodi ulianza kwa kula hiyo changarawe. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5, akazawadiwa Princess Elizabeth wa Uingereza. Ilipokatwa ikabaki 23.6. Williamson alifariki 1958, na mwaka huohuo mgodi ukawa nusu wa kampuni ya almasi ya De Beers, nusu wa serikali.

Sasa kiwandani. Mwamba huvunjwa kwa hatua, kwa sababu ukiuponda mara moja unapasua jiwe kubwa, na karati 20 zilizovunjika vipande vinne hazina bei ya karati 20 nzima. Kisha huoshwa, huchekechwa, na kuingizwa kwenye maji yaliyochanganywa na unga mzito wa ferosilikoni (chuma na silikoni). Kwatsi yenye uzito wa mara 2.65 ya maji huelea, almasi yenye mara 3.52 huzama. Tatizo ni udongo wa mfinyanzi: ukibaki, mchanganyiko unakuwa uji, na almasi ndogo huelea na taka.

Kinachozama hupitishwa kwenye eksirei: almasi hung'aa, hewa ya kasi huipuliza pembeni. Zisizong'aa hunaswa kwa grisi, kwani almasi haipendi maji bali hushika mafuta. Grisi ikiwa ngumu kwa baridi jiwe hudunda. Ikilainika kwa joto hunasa kila kokoto. Wachimbaji wadogo wa Maganzo, jirani na mgodi, hutumia chekeche na maji tu: huzungusha, vizito hukusanyika katikati, chekeche hupinduliwa, na macho huanzia katikati.

Narudi kwenye hesabu. Karibu tani zote 100 hubaki kuwa taka, na sehemu yake ni tope jembamba lisilotaka kutuama. Huhifadhiwa nyuma ya ukuta wa udongo. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la Mwadui ulibomoka, tope likaingia katika makazi na mashamba ya wanavijiji wa jirani.