Mbishi Aweke Dau

Mwenyekiti amenitambulisha kwa sifa nyingi, nami namshukuru, ila naomba mzisahau zote. Mazungumzo ya leo yanahusu watu wasiojali sifa za msemaji, na itakuwa aibu nikianza kwa kujificha nyuma ya vyeti.

Ninaye mjomba. Kila mtu humu ukumbini ana mjomba wa aina hii, na asiye naye, basi ndiye yeye mwenyewe. (Kicheko.) Mjomba wangu ana sentensi tatu zinazomtosha tangu asubuhi hadi anapolala. Ya kwanza: wanasiasa wote wezi. Ya pili: sisi ndivyo tulivyo, hatubadiliki. Ya tatu huitoa miwani ikiwa imepandishwa kwenye paji la uso: wanasayansi nao wababaishaji tu, jana walisema hivi, leo wanasema vile. Kwa miaka mingi nilimhesabu mjomba kuwa adui wa elimu. Leo nimekuja kumtetea, ingawa si kwa namna ambayo angependa.

Nianze na hiyo ya tatu, kwa kuwa ndiyo inayotuchoma sisi tuliokaa madarasani.

Mwaka 1660 wasomi wa London walianzisha chama chao, Royal Society, na baadaye wakajichagulia kaulimbiu ya Kilatini, *Nullius in verba*. Kwa lugha yetu: usikubali jambo kwa sababu tu fulani kasema. Yaani wakubwa wa sayansi wenyewe waliuandika utovu wa adabu kwenye mlango wa nyumba yao. Kumbe mjomba ni mwanachama, kadi tu ndiyo hana.

Na ana mashahidi. Miaka ya 1840 hospitali kuu ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za kujifungulia. Moja ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Kina mama waliopangiwa ya madaktari walipiga magoti wakilia wahamishiwe kwa wakunga, kwa kuwa mjini ilijulikana kwamba kwa madaktari watu wanakufa. Unaweza kufikiria wale mabwana wenye ndevu walivyowaona: wanawake wajinga, wenye kuamini uvumi. Lakini daftari za hospitali zilikuwa upande wa wanawake. Kwa madaktari, kwa wastani, karibu mzazi mmoja katika kila kumi alikufa kwa homa ya uzazi. Kwa wakunga hawakufika nusu ya hao. Ignaz Semmelweis, daktari wa wodi hiyohiyo ya kifo, alitambua mwaka 1847 kwamba wenzake walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Akaamuru mikono ioshwe kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili mwaka huo walikuwa wamekufa zaidi ya asilimia 18. Juni ikawa asilimia 2 na kitu. Je, alipewa nishani? Wenzake wengi walimnunia. Mkono wa bwana mkubwa utakuwaje mchafu? Alifia katika hifadhi ya wagonjwa wa akili mwaka 1865.

Kisa hiki wabishi wote wanakipenda, na wanastahili kukipenda. Ila tazameni kilichomo ndani yake. Yule mama aliyepiga magoti alikuwa ameweka roho yake rehani kwenye maneno yake. Naye Semmelweis hakusema tu kwamba wakubwa hawajui kitu. Alisema: naweni mikono, kisha tuhesabu majeneza. Kauli ya namna hiyo inaweza kumuumbua mwenyewe ifikapo mwisho wa mwezi. Hilo ndilo dau ninalolizungumzia.

Sasa mchukueni Galileo. Sijapata kukutana na mbishi ambaye, akibanwa, hamtaji Galileo. "Hata yeye walimcheka! Hata yeye walimshtaki!" Ni kweli, mwaka 1633 alipigishwa magoti mbele ya mahakama ya kanisa akakana kwamba dunia inazunguka. Lakini hoja aliyoiona kuwa nzito kuliko zote ilikuwa ipi? Kupwa na kujaa kwa maji. Alisema bahari inasukasuka kwa sababu dunia inakwenda, kama maji ndani ya chombo kinachosafirishwa, na akamshangaa Kepler, mwanafalaki mwenzake na mtu mwenye akili zake, kwa kuamini kwamba mwezi unahusika. Jamani! Mvuvi asiyejua alifu wala bee anajua kwamba bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kati yao maji huwa mafu. Zaidi ya hayo, hesabu ya Galileo ilitaka maji yajae mara moja kwa siku, na bahari, kwa ukaidi wake, pwani nyingi inajaa mara mbili. Akaisingizia sura ya bahari. Kwa hiyo tunaye mtu aliyekuwa sahihi kwamba dunia inazunguka, akakosea ushahidi, na wavuvi wangeweza kumsahihisha kama kuna aliyewauliza. Kuchekwa peke yake si hoja. Wengi waliochekwa walistahili kuchekwa, ni vile tu hatuwakumbuki majina.

Erasto Mpemba tunamkumbuka. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi, aliona mchanganyiko wa maziwa ya moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Alipouliza, mwalimu wake akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa zima likamzomea kwa jina hilo. Alipokuja profesa mgeni, Denis Osborne, kijana akauliza tena, na wenzake wakacheka tena. Profesa alirudi maabara, akajaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba dunia nzima, na la kufurahisha ni kwamba bado wanabishana! Wako watafiti waliojaribu miaka ya karibuni, mwaka 2016 kwa mfano, wakasema hawaoni kitu. Mjomba angesema: si umeona, hawajui. Mimi nasema: mjomba, hapo ndipo walipo sahihi kuliko popote. Mwalimu aliyekuwa na uhakika ndiye aliyetoka mikono mitupu.

Lakini kuna ukosefu wa adabu unaoua. Katika Umoja wa Kisovieti alitokea Trofim Lysenko, mtoto wa mkulima. Mwaka 1927 gazeti kubwa la chama lilimsifu kama profesa anayetembea pekupeku. Maprofesa wenye viatu, alisema, wanahangaika na nzi wa maabara wakati taifa linataka ngano. Maneno matamu kabisa hayo! Ningekuwa pale ningepiga makofi. Tatizo ni kwamba Stalin naye alipiga makofi. Nikolai Vavilov, mtaalamu aliyempinga Lysenko, na aliyezunguka mabara akikusanya mbegu za mazao, alikamatwa mwaka 1940 na kufa njaa gerezani mwaka 1943. Mkusanya mbegu, kafa njaa. Mwaka 1948 elimu ya jeni, ile ya nzi wa maabara, ikapigwa marufuku rasmi. Yule mbishi wa wataalamu alikuwa amegeuka mtaalamu asiyebishiwa, na hakuna mvunja adabu mkali kama huyo siku mwenzake anapomvunjia adabu yeye.

Sentensi ya pili, sisi ndivyo tulivyo. Hapa simwonei mjomba huruma hata kidogo.

David Hume, Mskoti, pengine alikuwa bingwa wa kutilia shaka kuliko mwanafalsafa yeyote wa Ulaya. Alitilia shaka miujiza, alitilia shaka nafsi, alitilia shaka hata kwamba jua litachomoza kesho kwa sababu tu lilichomoza jana. Mwaka 1748 akaandika insha juu ya tabia za mataifa, na ndani yake mna mambo ya busara: kwamba tabia za watu hutokana zaidi na serikali, shughuli na mazoea kuliko hali ya hewa. Miaka michache baadaye akaichomeka tanbihi moja kwenye insha hiyo, akisema anashuku kwamba watu weusi kwa maumbile wako chini ya weupe. Ushahidi? Hana. Uvumi wa wasafiri. Mtu aliyelidai jua ushahidi hakuwadai mabaharia hata risiti. Mskoti mwenzake James Beattie alimjibu hadharani mwaka 1770, kwa hiyo tusiseme kwamba zama zile wote walikuwa hivyo.

Na msidhani kosa ni kuwasema vibaya wengine tu. Mwaka 2005 watafiti walichapisha kazi iliyohusu jamii 49. Waliwauliza watu: mtu wa kawaida wa nchi yenu yukoje? Kisha wakalinganisha majibu na vipimo vya tabia za watu wa nchi hizohizo, mmoja mmoja. Uhusiano ulikuwa kama haupo. Wakanada walijiona wapole na kuwaona Wamarekani wababe. Kwenye vipimo vyenyewe walikuwa karibu sawa. Kwa hiyo mtu akikuambia "nawajua watu wetu," jua amekueleza stori ambayo watu wake husimuliana. Wageni wa karne iliyopita na ile ya kabla yake waliwaandika Wajapani kuwa wavivu, na Wajerumani kuwa wazito wa akili na wa mwendo. Viwanda vilipokuja, uvivu ukaondoka bila kuaga.

Wanasiasa wote wezi. Nitapita haraka, maana kila mtu ana yake moyoni. Neno ninalolichukia humo ni "wote". Mwizi halisi anaipenda sana sentensi hiyo. Ukimwambia umeiba, atatafuta wakili. Ukisema wote wezi, atakuitikia na kukushika bega. Umemficha katika umati. Mtaje mtu, taja fedha, taja mwaka, ndipo ubishi wako utamkosesha mtu usingizi.

Na umma unaweza kupatia, ukiweka dau. Francis Galton, Mwingereza aliyebuni neno eugenics, yaani nadharia ya kuboresha binadamu kwa kuchagua nani azae, hakuwa na imani kubwa na akili za watu wa kawaida. Mwaka 1906 akakutana na mashindano kwenye maonyesho ya mifugo Plymouth: kadiria maksai huyu akichinjwa na kusafishwa atakuwa na uzito gani. Galton akaomba tiketi, 787 zilizosomeka, akazipanga kwa mfuatano. Kadirio la katikati lilikuwa ratili 1,207. Uzito wenyewe, ratili 1,198. Wachinjaji, wakulima na wapita njia, kwa pamoja, walikosea kwa chini ya asilimia moja, na yeye, kwa heshima yake, akalichapisha hilo. Ila kuna alichoandika ambacho wasimuliaji wengi hukiruka: kila tiketi ililipiwa peni sita, na ada hiyo iliwazuia watu kufanya mzaha. Walikuwa wameweka dau.

Wataalamu wa siasa hawalipi peni sita. Philip Tetlock aliwafuatilia 284 kwa karibu miaka ishirini, akaandika kila utabiri wao. Wengi hawakufanya vizuri zaidi ya kubahatisha kwa kiasi cha kujivunia, na wale mashuhuri, wanaoonekana sana kwenye runinga, walifanya vibaya kuliko wenzao wasiojulikana.

Niliposoma hayo nilinunua daftari nikamwendea mjomba. Nikamwambia: utabiri kumi na mbili kila mmoja, siasa za mwaka huu, tarehe na majina, tutie saini. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, kisha akatia saini. Mwaka ulipoisha tukaketi na kuhesabu. Mjomba alipatia tano. Mimi, na shahada zangu, na usajili wangu wa majarida, nilipatia nne.

Zile saba alizokosa, anasema, si yeye aliyekosea. Walibadilisha mambo dakika za mwisho. Zangu nane nami nina maelezo yake, marefu zaidi, yenye takwimu. Daftari la mwaka huu yeye ndiye amelinunua. Haya, maswali.