Mbu Mwenye Cheki Namba

MUDI: Karibuni tena, mimi Mudi, huyu dada yenu Rehema, na kabla hajaanza kunisema naomba nijisemee mwenyewe, nimeumwa malaria wiki hii.

REHEMA: Mtu mzima halali kwenye neti jamani.

MUDI: Neti ninayo! Umeme ulikatika, feni kimya, mle ndani ya neti joto kama jiko la mwuza mihogo, nikaifunua upande mmoja tu. Mara viungo vinauma, mdomo mchungu, mama Salma akaniburuza zahanati, kidole tobo, tone la damu kwenye kile kikadi, mistari miwili. Nikapewa mseto, vinne asubuhi vinne usiku, na nesi kakazania nile kitu chenye mafuta kwanza, basi hapo ndo ugonjwa ukaanza kunoga, chapati kila saa.

REHEMA: Pole kaka. Sasa huyu katuma voisi ndeeefu analalamika, nikamwambia wenzako huko Maryland, Marekani, wamejitolea waumwe na wanalipwa.

MUDI: Nikajua ananitania.

REHEMA: Sio utani. Watafiti wa NIH, zile taasisi za utafiti wa afya za serikali ya Marekani, walitengeneza kingamwili ya malaria, yaani ile protini ya kinga ya mwili inayopambana na vijidudu. Waliipata kwa mtu aliyechanjwa chanjo ya majaribio, wakairekebisha kidogo ikae mwilini muda mrefu. Inamdaka kimelea, kile kijidudu cha malaria, akiwa ndo kwanza kaingizwa na mbu, kabla hajafika kwenye ini. Sasa utajuaje inafanya kazi? Volantia anaweka mkono juu ya kikombe chenye wavu, ndani kuna mbu wenye malaria, wanamng'ata.

MUDI: Ngoja ngoja. Huyo mbu ni wa serikali?

REHEMA: Mudi.

MUDI: Nauliza tu, ana cheki namba, ile ya mshahara wa serikali?

REHEMA: Tena kazi ile ilifanyikia taasisi ya utafiti ya jeshi, Walter Reed.

MUDI: Mbu wa jeshi! Kapita JKT! Ndo maana hakosei. Huku kwetu mbu wote vibarua, hawana mkataba, usiku kucha wanahangaika na mtu mmoja. Yule ana likizo, ana bima, akizeeka anafuatilia mafao.

REHEMA: Ni jike tu anayeng'ata lakini, madume wanakunywa sukari.

MUDI: Kwa hiyo mama yuko kazini, baba yuko kijiweni anakunywa chai. Mbona hii familia naijua.

REHEMA: (anacheka) Niache nimalize. Matokeo yalitoka 2021. Waliopewa kingamwili walikuwa 9, hakuna aliyepata malaria. Wasiopewa 6, watano wakapata. Wakaenda Mali, sasa huko ni mbu wa kijijini...

MUDI: Vibarua.

REHEMA: ...vibarua, haya. Watu wazima, dripu moja ya dozi kubwa, ikazuia maambukizi kwa asilimia 88.2 ndani ya miezi sita, hiyo 2022. 2024 wakaja na nyingine ya sindano ya kawaida kwa watoto wa miaka 6 hadi 10, dozi kubwa ikazuia kuumwa kwa asilimia 77. Hiyo ndo habari niliyokuja nayo, sio cheki namba.

MUDI: Nzuri. Ila kumlipa mtu umpe ugonjwa mimi sikubali.

REHEMA: Anachunguzwa kila mara, vimelea vikionekana tu anapewa dawa. Wewe ulisubiri mpaka mdomo mchungu.

MUDI: Mmarekani sawa, ana pa kukimbilia. Lete hapa.

REHEMA: Imeshaletwa. Watu wa Ifakara, ile taasisi ya utafiti wa afya, walifanya na vijana wa vyuo vya hapahapa Dar, matokeo yakatoka 2014. Vimelea vilitoka kampuni moja ya huko Maryland, vimegandishwa, wakachomwa kwa sindano.

MUDI: Tumeagiza malaria nje?! Sisi?! Bandarini waliandika nini?

REHEMA: Ilibidi, wanatakiwa wajue mwili wa mtu aliyekulia huku unapambanaje, na kimelea awe anajulikana, dawa inamuua.

MUDI: Sasa Rehema, mwanachuo boom limeisha, kala chipsi kavu, unamwonyesha posho, hiyo hiari iko wapi?

REHEMA: Kwa hiyo mwenye njaa hana akili? Kaelezwa, kauliza, kasaini. Usipomlipa utasema wamemtumia bure.

MUDI: Mbona hawaendi kuwatafuta Masaki kwa matajiri?

REHEMA: Umeuliza kama hawajaenda?

MUDI: Sijauliza, ila najua jibu.

REHEMA: Hujui. Na chanjo ya malaria, ile RTS,S, ilijaribiwa Korogwe na Bagamoyo kwa watoto wadogo ambao hawakusaini wenyewe, hiyo hukulalamika.

MUDI: Wale hawakupewa malaria!

REHEMA: Walikuwa nayo mtaani. Ukijua mapema kwa watu wazima wachache kwamba dawa haifai, hao watoto huwasumbui.

MUDI: Naelewa. Sikubali.

REHEMA: Haya. Jamani nilikuwa na mambo matatu, jinsi ya kusoma fomu ya ridhaa, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wanafanya nini, na la tatu... hawa wa kipindi cha mpira washafungua mlango.

MUDI: Waambie dakika mbili.

REHEMA: Wameshaanza kuvuta viti. Ya NIMR wiki ijayo.

MUDI: Na Masaki.

REHEMA: Hakuna cha Masaki, Mudi, vua hedfoni.