Mnaoniuliza kwanini wazee wa huku Uingereza hawalazwi, leo nimewajibu

Haya watu wangu, nimekaa chini niongee hili maana kila nikiweka video ya kazi swali ni lilelile, "dada huyo mzee anaumwa hivyo mbona yuko nyumbani, wazungu si wanatelekeza wazazi wao?" Najua nikisifia mtasema najishaua Uingereza, nikilalamika mtasema kama pagumu si urudi. Semeni tu. Mimi ni kea wa majumbani, yaani nahudumia wazee na wagonjwa makwao, naongea ninachokiona.

Kwanza hajatelekezwa. Babu ninayemhudumia, jina sitaji, ni kosa kazini, ana shida ya moyo na kidonda cha mguu kisichotaka kufunga. Nesi wa mtaa anakuja kusafisha kidonda na kufunga bandeji, dawa famasi wanaleta zimeshapangwa kwenye trei kila kijumba na siku yake. Pembeni ya mlango kuna kiboksi cha namba kimepigiliwa ukutani, ndani ndio funguo, nabonyeza namba ya siri naingia mwenyewe, maana yeye kunyanyuka kuja kufungua mlango ni safari nzima.

Alishawahi kulazwa kwa nimonia. Kifua kilipona lakini mzee akaharibika. Usiku anaweweseka, anang'oa dripu, anamwita mkewe ambaye ni marehemu, na aliporudi nyumbani, kutoka kitandani mpaka chooni ilikuwa lazima tumshike watu wawili. Na hiki kitu madaktari wanakijua vizuri tu, mzee dhaifu ukimlaza siku nyingi misuli inaisha haraka, taa za wodi haziwapi usingizi, sura ngeni kila zamu, akili inavurugika, bado hujaongelea vidonda vya mgongoni na maambukizi ya hukohuko wodini. Nimonia iliporudi hawakumchukua, wakamweka kwenye kitu wanaita wodi ya mtandaoni, yaani amelazwa lakini yuko kwake, kaachiwa kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni na tableti ya kutuma vipimo, timu ya hospitali inasoma namba kutoka huko, na nesi anakuja kumchoma antibiotiki ya mshipa hapohapo kwenye kiti chake. Chai anakunywa kwenye kikombe chake kilichomeguka mdomo, kingine hataki. Choo anakijua hata gizani. Safari hii hakuweweseka hata kidogo.

Sasa msitoke hapa mkaenda kumficha mtu ndani. Kiharusi, nyonga imevunjika, mtu anahema kwa shida, huyo ni hospitali haraka. Na kila mgonjwa ana hali yake, mimi sio daktari.

Hela sasa, maana najua ndio mnachosubiri. Nesi na daktari ni NHS, huduma ya afya ya serikali, bure. Ila mimi ninayemwogesha, kumvalisha na kumpashia chakula sio bure. Akitoka hospitali anaweza kupewa msaada wa bure hadi wiki 6 ili arudishe nguvu, baada ya hapo hapa England ukiwa na akiba inayozidi pauni 23,250 unajilipia mwenyewe, kwa hiyo mtu kajibana miaka yote halafu akiba inaishia kwenye kuogeshwa. Na usiku hakuna mtu, ana kitufe tu shingoni cha kubonyeza akianguka.

Alafu mjue hela anayolipa sio inayonifikia mimi. Agensi niliyoanzia ilikuwa inalipa dakika za ndani ya nyumba tu, muda wa njia kutoka kwa mteja huyu kwenda kwa yule, mimi niko kituo cha basi mvua inaninyeshea, haumo, wakati sheria inataka uhesabiwe kwenye kima cha chini. Nikiuliza najibiwa nikumbuke nani kanidhamini viza. Na mnaoniomba niwatafutie hizo viza za kea, mlango wa kuajiriwa kutokea nje umefungwa tangu tarehe 22 Julai 2025, anayekuambia umtumie hela anakuunganishia anakula hela yako.

Wengine mnasema si umlete mama umhudumie mwenyewe. Jamani! Ada ya kumwombea mzazi viza inapita pauni 3,000 na ukikataliwa hairudi. Alafu ukisema unatuma hela nyingi za kumtunza, wanakuuliza kwanini zisimlipe mtu wa kumhudumia hukohuko, ukisema huna hela, wanakuuliza sasa huku utamlisha nini. Nimeshaacha kuwaza.

Mama yangu yuko Tanga, presha na sukari, magoti hayamruhusu. Kila akijisikia vibaya ndugu wanakodi gari, hospitali ya kulipia, analazwa, bili natumiwa mimi. Nikasema basi. Tukatafuta nesi mstaafu wa mtaani, anakuja anapima presha na sukari, anaandika kwenye daftari, anaangalia miguu kama imevimba, anahesabu vidonge kama kweli vinamezwa, akiona pabaya anampigia daktari wake. Si kitu kigeni hiki, enzi za ukimwi wahudumu wa wagonjwa majumbani walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba na mabegi yao, na hospitali za kanisa la Kilutheri, KKKT, wana tiba shufaa, ya kumpunguzia maumivu mwenye ugonjwa mzito, inayomfuata mgonjwa mpaka kwake. Kwetu imekuwa nafuu kuliko kulazwa, kwenu sijui, inategemea mzazi anaumwa nini na nesi mtakayempata.

Shemeji yangu anasema nambania mama hospitali. Sawa. Ila ndugu zangu mnaonitazama, kwenye lile daftari la nesi picha naitaka kila Jumapili, namba zionekane, sio voisi nouti ya "mama anaendelea vizuri" halafu mwishoni mnaomba hela ya gari.