Manifoldi na Swichi ya Oili ni Kazi Moja

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Naona mbele hapa wamekaa mafundi wa Ngamiani, nyuma kule wa Pongwe na Muheza, wengi tunajuana. Kwa hiyo sitapoteza muda kuwafundisha namna ya kuninginiza injini na kuishusha kwenye chesisi. Mnaijua. Injini za mtumba mnazishusha vizuri na zinawaka vizuri. Kinachonikera ni kwamba zinakufa baada ya wiki tatu, na mwenye gari anaambiwa aliuziwa injini mbovu.

Nitawapa habari ya lori moja dogo, Canter. Wanaonijua wameshaisikia, wavumilie, maana nitaisema mpaka iingie. Gari lilikuwa na injini ya 4D33, lita 4.2, haina tabo, ile feni ya kusukumia injini hewa. Mwenyewe akapata 4D34, lita 3.9, ina tabo. Akafurahi, mlima sasa si tatizo. Fundi akafunga. Ila tabo likija, haliji peke yake: manifoldi, chuma kinachopokea moshi wa silinda, inalibeba, nalo linataka oili yake, na bomba la hiyo oili linapita palepale penye moto. Fundi hakuona pa kufunga sensa ya geji ya presha ya oili. Akakata njia kwenye bomba la oili ya tabo, akaweka tii ya shaba, kiungo cha njia tatu, na juu ya tii akafunga sensa ya geji pamoja na swichi ya taa ya oili ya dashibodi. Kwa macho kazi ilikuwa safi. Vidole viwili tu kutoka kwenye manifoldi!

Gari likapakia mifuko 80 ya saruji, tani nne hizo, likaelekea Lushoto. Njia ya Mombo mnaijua: kona, gia ya pili, kona tena, hupati hata pa kupumzisha mguu. Dizeli ikivuta mzigo namna ile, moshi unaotoka kwenye silinda unaweza kufika nyuzi 600. Na waya tunaonunua dukani, ganda lake likijitahidi sana linavumilia nyuzi 105. Likayeyuka. Waya wa swichi ukakatika ukabaki unaninginia.

Sasa nisikilizeni hapa, hapa ndipo penye kifo. Swichi ya taa ya oili, presha ikiwa hakuna, inaunganisha waya na athi ya bloku, yaani mwili wa injini unaorudisha umeme kwenye betri, taa inawaka. Presha ikipanda inaachia, taa inazima. Waya ukikatika je? Taa haiwaki kamwe. Dereva anatazama dashibodi, giza, anashukuru Mungu. Taa iliyozima kwa sababu presha ipo na taa iliyozima kwa sababu waya umeungua ni sura moja.

Kisha tii ikapasuka shingoni. Sensa ya geji ni nzito, ukiitundika kwenye shaba juu ya injini inayotikisika kutwa, shaba inachoka. Oili ikarukia manifoldi ya moto, moshi ukafumka. Dereva akadhani rejeta. Akatazama taa, haiwaki, akasema nijikongoje mpaka Soni. Hakufika. Metali za konrodi, zile beringi zake, zimeliwa, krenki imechimbika, injini imejamu na mzigo mgongoni. Gari halikushika moto, na hilo si kwa ustadi wa mtu yeyote.

Nawasikia mnanong'ona: na geji je? Geji ilikuwa imesimama juu kabisa tangu siku ya kwanza! Hata injini ikiwa imezimwa, ukiwasha swichi ya ufunguo tu, mshale juu. Dereva akaambiwa hiyo ndiyo presha nzuri. Presha gani, wanangu, na injini haizunguki?

Sababu ni hii. Sensa ya geji ni ukinzani wa umeme, tunaoupima kwa omu, unaobadilika na presha. Kuna jamii inayoanza omu 10 presha ikiwa sifuri na kupanda mpaka omu 180; VDO ya Ujerumani ndiyo inayojulikana zaidi. Kuna jamii ya Kimarekani inayokwenda kinyume, omu 240 kwenye sifuri, ikishuka mpaka 33 presha ikijaa. Ukifunga sensa ya Kimarekani kwenye geji ya omu 10 hadi 180, injini isiyo na tone la presha itakuonyesha presha tele. Na waya ukikatika, geji hiyo hiyo inabaki juu. Kwa hiyo yule dereva alikuwa na mashahidi wawili, mmoja bubu na mwingine muongo. Sensa na geji ni mke na mume, usitenganishe. Ukihamisha injini bila dashibodi yake, toa mita, pima omu kabla hujafunga. Dakika mbili. Zile sensa mpya za waya tatu zinazotumia volti 5 hizo ni za kompyuta, msiziguse na geji ya zamani.

Kuna mzee hapa huwa ananiambia, dereva mzuri anaisikia injini. Kweli, baba, anaisikia. Lakini anachosikia ni metali zikigonga, na zikishagonga umeshachelewa. Hata hiyo taa, nyingi zinawaka presha ikishashuka chini ya nusu ya bar. Haikwambii oili imepungua, kwa hiyo dipstiki bado ni yako kila asubuhi.

Sasa nyuzi za sensa, ile mikato ya kukazia. Sensa ya Japani ya moja ya nane ya inchi ina nyuzi 28 kwa inchi, ya Marekani ina 27. Zinashikana raundi mbili tatu, zinakudanganya, kisha zinakula tundu la bloku. Ikikaza mapema, itoe, usiipige spana. Na ile tepu nyeupe ya fundi bomba acheni. Sensa ya waya mmoja inapata athi kupitia nyuzi zake, wewe unaivisha plastiki. Kipande kikikatika kinaingia kwenye njia ya oili.

Mnaona muda umekwenda. Manifoldi basi, kwa haraka. Weka rula ya chuma juu ya uso wake kabla ya gasketi. Ikiwa imepinda ipelekwe kuchongwa, gasketi mbili hazinyooshi chuma. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, washa, ipoe, kaza tena. Ikigonga steringi boksi msiikate na kuichomelea barabarani, kile ni chuma cha kusubu, kikichomelewa baridi kinapasuka pembeni ya weldi. Tafuta manifoldi inayotazama upande mwingine. Bomba la ekzosi lipate kipande kinachopinda na lishikiliwe na breketi, injini inacheza na chesisi haichezi. Halafu bati la kukinga joto, na waya wa oili upite upande wa pili wa bloku. Sensa nzito ifungwe kwenye chesisi, oili iifuate kwa mpira wa presha. Mambo ya tabo kunywa oili kabla ya kuwashwa nilitaka kuyasema, tutayasema siku nyingine.

Nje, chini ya mwembe, kuna Canter iliyofungwa injini juzi na haijawashwa. Nimekuja na geji ya kupimia, ile ya bomba, isiyohitaji umeme. Tutaziba dizeli, tutapiga stata kidogo kidogo mpaka mshale unyanyuke, ndipo tuwashe. Ikishapata moto tutaitazama presha ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, kisha kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika; kipimo cha wazee ni presha ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, ila kitabu cha injini kikisema vingine kifuateni. Kijana wa shati la bluu, chukua spana namba 17, wewe ndiye utakayefungua swichi.