Vilima vya Kampala na vya Mabira: maji yanaenda wapi

Asanteni kwa kuja ndugu zangu, na nyinyi mliosimama kule nyuma sogeeni, viti bado vipo. Leo tuongee habari ya vilima, maana sisi wa Kampala tunavipanda na kuvishuka kila siku na bodaboda ila hatuviangalii.

Angalieni Kololo, Namirembe, Nakasero, juu ni bapa kama vimekatwa na panga. Sababu ni tabaka la murramu, ule udongo mwekundu wenye chuma, uliganda kule juu zamani sana ukawa mgumu, mvua inashindwa kuula inabaki kula pembeni tu, ndo maana mabonde yetu ni mapana na chini yana mafunjo.

Sasa shika barabara ya Jinja, ukishapita Lugazi unaingia Mabira, kilomita za mraba kama 300 hivi za msitu, na vilima ni vilevile, bapa juu na mafunjo chini, tofauti ni kwamba huko miti bado ipo. Na Ziwa Victoria liko karibu tu kusini, mtu angesema mito yote itakimbilia huko, kumbe hapana! Sezibwa inalipa ziwa mgongo, inaenda kaskazini mpaka Ziwa Kyoga, kwa sababu mwinuko unaogawa maji uko karibu na ziwa.

Ingia ndani ya msitu hatua chache tu halafu weka mkono chini, fukua yale majani makavu, utakuta ya chini yameoza, meusi, yana baridi na unyevu hata kama jana haikunyesha. Hapo ndo mvua inapokaa, inashuka polepole mpaka bondeni. Kwetu je? Mvua inapiga bati na lami, muda si mrefu kule Bwaise, mtaa wetu wa bondeni, watu wanatoa magodoro nje. Na maji machafu ya mjini yanapita mfereji wa Nakivubo yanaingia ziwani, ghuba ileile ambayo Ggaba wanachota maji ya kutunywesha, na mafunjo yaliyokuwa yanayachuja njiani tumeyafyeka tukalima magimbi tukajenga. Hili linaniuma sana jamani.

Mwaka 2007 serikali ilitaka kutoa kama hekta 7,000 za Mabira zilimwe miwa, karibu robo ya msitu, watu wakaandamana hapa mjini mwezi wa nne na wengine wakafa, mpango ukasimama. Mwaka huohuo wataalamu wakamtambua mangabe wa Uganda, kima anayeishi humo, kuwa spishi yake mwenyewe.

Ila mkipita barabarani msidanganyike na kijani. Kuna mforosadi wa kigeni, ule wa kutengenezea karatasi, umeteka sehemu zilizokatwa zamani, unakua haraka mno, miche ya asili inakosa jua. Kwa mbali unadhani msitu umerudi, ukisogea ni mti mmoja tu umejaa.

Haya, maswali, tuanze na mama pale mbele.